Kijiko Kimoja cha Uduvi

Kibiti, Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu Bi Zainabu,

Shikamoo mama. Mie mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Goti lako la kulia linasemaje? Na lile jino, umeling'oa au bado unaliwekea karafuu? Huku mvua imekata, mpunga wa Chumbi na Mkongo umeanza kuingia, juzi peke yake nimekoboa magunia arobaini na moja. Pumba zimetuingia mpaka kwenye kope. Kwa upande huo, alhamdulillahi.

Najua atakayekusomea ni Shamte. Shamte mdogo wangu, soma yote, usiruke mstari, hata ukifika pale jina lako lilipo. Kurasa ni nne, na Mwalimu Zuhura aliyezileta anajua ni nne. Sikupiga simu kwa sababu mama ukianza kulia mie hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza.

Nianzie mbali kidogo. Miezi kumi na sita iliyopita nilipanda kwenye mizani ya mashine, ile ninayopimia magunia, ikasoma 104. Nikashuka, nikaweka jiwe la kilo ishirini nione kama imeharibika. Ikasoma ishirini. Kesho yake nikaenda zahanati. Presha 178 kwa 110, na sukari nayo imepanda. Nesi akanitazama, akasema, "Mama, una miaka arobaini na sita. Hiyo mashine utamwachia nani?"

Neno lile liliniingia. Mashine ile unajua nilivyoipata. Nilifika Kibiti na khanga mbili na kikaango cha vitumbua, mwaka wa kumi na tisa huu, na hakuna mume wala mjomba aliyenishika mkono. Sikuwa tayari kumwachia mtu.

Aliyenifundisha kula upya ni Bi Jaya, yule mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mkabala na mashine yangu. Ulimwona ulipokuja kutibiwa jicho, akakupa kiti na maji. Kwao nyama, samaki na mayai havijaingia jikoni tangu enzi za mababu. Akanionyesha choroko, dengu, mbaazi, namna ya kuzichemsha zikashibisha bila mafuta mengi. Alhamisi zote nilikula kwake. Mie nikazidisha, nikaacha na maziwa, akacheka. "Hawa, umenipita hata mimi niliyezaliwa humu!"

Watu waliniuliza, kwa nini usile samaki kidogo tu? Mama, unanijua. Sijui kula kidogo. Ukinipa kipande cha papa nitauliza papa mwenyewe yuko wapi. Ukisema kidogo, kila siku utabishana na nafsi yako kidogo ni kiasi gani. Ukisema sifuri, hesabu imekwisha. Nikaweka sifuri. Chumvi nayo nikaitoa jikoni. Ubwabwa kikombe kimoja kwa siku, mie mwenye mashine ya mpunga. Nesi akanipa na vidonge vya vitamini, kwa kuwa sili cha mnyama chochote, nami sijaruka hata kimoja.

Nina daftari. Kila Ijumaa napanda kwenye mizani, kila mwezi napima presha. Mwezi wa nane tangu nianze nilikuwa kilo 87, presha 142. Miguu haiwaki moto usiku. Napanda ngazi za ghala bila kushika ukuta.

Mwezi huohuo ndio niliokuja kwenu Idi. Ukanipa kichwa cha samaki changu mbele ya wageni, kama unavyowapa watoto wako wote wanaporudi nyumbani. Nikakirudisha sahanini. Shangazi akasema, tena hakushusha sauti, "Kakonda, halafu anakataa samaki. Huyu ama anaumwa ule ugonjwa, ama kuna mtu kamfunga." Usiku hukunisemesha. Nikaondoka na mashua ya maji ya alfajiri, wewe uko chumbani.

Kwa hiyo fikiria, mama, wiki tatu baadaye, simu inalia mashineni, ni wewe. "Mwanangu, nimekubali. Mwili ni wako. Nakusagia bizari ya kupikia majani yako, angalau mkono wangu uwemo chunguni mwako." Nililia mpaka fundi Seif akazima mashine, akidhani mkanda umenikata kidole.

Shamte akaja na bati la kwanza, la maziwa ya unga, limefungwa kitambaa. Rangi ya dhahabu iliyoiva, harufu ya binzari nyembamba iliyokaangwa. Nikapika matembele siku hiyohiyo, akala na mie. Shamte, unakumbuka ulichosema? Mie nakumbuka. Ulisema, "Dada, majani haya matamu, utadhani yana samaki." Ukacheka. Na mie nikacheka, nikakuongeza.

Mabati matatu, kila moja miezi miwili. Vijiko vitatu kwa siku, cha kwanza asubuhi kabla sijala kitu. Nilikuwa nikimwambia kila mtu, "Chumvi siihitaji tena, kiungo cha mama kinatosha." Hapa nitasema kweli hata kama inanifedhehesha. Ulimi ulijua kuna kitu. Mie ndiye niliyeuambia unyamaze, kwa kuwa kilichomo kilikuwa na ladha ya nyumbani, na nyumbani nilikuwa nimefukuzwa kwa kichwa cha changu.

Daftari halikunyamaza. Kilo ziliendelea kushuka polepole, 86, 84, 82. Presha ikageuka njiani. 142 ikawa 151. Ikawa 158. Ikawa 166.

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, wewe unakula chumvi."

"Sili."

"Kipimo hakina sababu ya kukusingizia."

"Na mie sina sababu ya kukudanganya wewe uliyeniokoa."

Akaniandikia kidonge cha pili. Kile cha pili kikanivimbisha vifundo vya miguu, viatu vikakataa kuingia. Nilirudi kutoka zahanati na ndara kama mjamzito. Nililala nikijiuliza nimekosea wapi hesabu, mie ambaye hesabu haijawahi kunipiga chenga.

Sasa nifike kwa Bi Jaya.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu mumewe. Kwao hupikwa chakula alichokipenda, na mpishi haonji. Sahani ya kwanza ni ya marehemu, huwekwa juu ya ukuta wa uani ndege waile, ndipo walio hai wanakula. Nikasema, huyu mama kanilisha Alhamisi ngapi? Nikampelekea kikombe cha kiungo chako. Akauliza kama anavyouliza kila kitu, wala si kwa kunishuku, "Hawa, hakina kitu?" Pua yake, mama, ilikufa zamani, tangu yale mafua mabaya. Nikamjibu, "Wallahi Bi Jaya, hakina kitu. Kasaga mama yangu kwa mkono wake." Akakitia kwenye dengu.

Kunguru walikuwa wameshamaliza sahani ya ukutani mkwe wake alipoingia kutoka Dar. Akasimama mlangoni, hata mkoba hajautua.

"Mama, nani kaleta samaki humu ndani?"

"Hakuna samaki."

"Mama, nyumba nzima inanuka."

Bi Jaya akasema, na mie nimesimama papo hapo na sahani mkononi, "Haiwezekani. Hawa ameapa."

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimwambia yule mkwe hana adabu, kwamba watu wa Dar pua zao zimeharibiwa na moshi. Mie nilinusa kile chungu mara tatu mbele yao, sikusikia kitu. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo uduvi huanikwa mpaka juu ya paa la choo. Nitasikia harufu gani? Ni kama kumwambia mtu anuse pumzi yake.

Nikaenda mashineni kwa hasira ili nimletee ushahidi. Nikachukua chekecheke la kutenga chenga za mchele, nikamwaga bati lote. Unga ukashuka. Juu yakabaki maganda ya pilipili manga, vijiti vya mdalasini, na vitone vyeusi. Nikavisogeza kwenye mwanga. Macho, mama. Macho ya uduvi, mengi, yananitazama. Nikavihesabu mpaka sitini na nne nikaacha.

Nikampigia Mwajuma. Mdogo wangu wa tumbo moja. Akacheka! "Kwani dada hukujua? Sisi tulidhani unajua, unajifanya tu. Mama alisema kijiko kimoja kimoja, mtoto hafi kwa uduvi. Na chumvi kidogo, maana majani bila chumvi ni chakula cha mbuzi." Halafu akaongeza, hata bila kuulizwa, kwamba Shamte kila akirudi mnamuuliza, "Kanenepa?"

Kila akirudi. Kwa hiyo mlikuwa mnakaa mkekani, wewe, Mwajuma, Shamte na shangazi, mnapanga kilo zangu kama mnavyopanga mtaji wa mtu asiyekuwepo. Miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyesema, hebu tumwambie.

Mama, najua uliogopa. Najua wanayoyasema kisiwani kuhusu mtu anayekonda, na najua ni wewe unayeyasikia kisimani, si mie. Lakini kama ulidhani naumwa, ungeniuliza, ningekuonyesha daftari. Nimepunguza kilo ishirini na tatu, debe la mahindi na kisado juu yake, hilo ndilo nililokuwa nikilibeba kwenye magoti haya. Ungesema tu hapana, ungenitupia kichwa cha changu mgongoni wakati naondoka, ningekisamehe kabla mashua haijafika bandarini Nyamisati. Wewe ulisema, "Nimekubali." Hilo ndilo linaloniuma. Uduvi hutoka. Hilo neno nitaliondoa vipi?

Nilirudi kwa Bi Jaya na chekecheke lenyewe. Nikamwonyesha. Sikujitetea. Akavitazama vile vitone, akasema, "Mimi sina ugomvi na uduvi, Hawa. Ugomvi wangu ni kile kiapo. Mzee wangu alikula kwa kiapo chako." Hakunigombeza zaidi. Tangu siku hiyo nikienda dukani ananipimia kitambaa, ananitajia bei, ananishukuru. Alhamisi imepita mara tatu. Hajaniita.

Nimeacha kiungo chako siku ishirini na nne. Juzi presha imesoma 139 kwa 86. Nesi amekitoa kidonge cha pili, na viatu vimeanza kuingia. Nilimweleza yote. Akaniomba radhi kwa kunishuku. Mama, mtu baki kaniomba radhi kwa kosa la nyumbani kwetu.

Sasa sikiliza ninachotaka, na Shamte asome taratibu. Sitaki mtu anitumie ujumbe wa pole. Nataka uje Kibiti wewe mwenyewe, maji makubwa ya bamvua yajayo yatakuruhusu kutoka mapema. Nauli ya mashua na gari nitalipa mie. Uvuke barabara, ukae kwenye kile kiti ulichopewa mwaka ule, umwambie Bi Jaya kwamba mwanao hakuapa uongo. Aliapa kwa kumwamini mama yake. Usimweleze kwa nini, hilo nitalieleza mie siku nikilielewa. Akinisamehe au asiponisamehe ni juu yake. Ila asibaki akidhani nilijua.

Usipokuja, Idi hii msiniwekee sahani. Nimeliandika, wala sitalifuta.

Nisalimie mjomba fundi wa mitumbwi, mwambie ile misumari nimempatia. Nisalimie Mwajuma na wanawe, wanawe kwanza. Shangazi mpe salamu zangu na namba hii, 81, ndiyo kilo yangu ya leo. Akitaka kuitangaza, aitangaze iliyo sahihi. Shamte, wewe sikusalimii kwa barua, utakuja na mama tuonane ana kwa ana.

Pamoja na barua Mwalimu Zuhura amekuletea bati lako la tatu. Nimeliosha kwa majivu na maji ya moto mara nne, nikampa fundi Seif, mtu wa bara, alinuse, akasema halina kitu. Usilijaze, mama. Njoo nalo tupu. Tutakaa wawili uani kwangu, binzari na tangawizi na pilipili manga mbele yetu, utatwanga wewe na mie nitachekecha, kila kinachoingia nikione kwa macho yangu. Nikirudi kuapa tena, niape kwa nilichokiona.

Mwanao aliyekonda kwa hiari yake,
Mwanahawa