Skrini ya Chumbani kwa Baba

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila kuku wa mama wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri, na mimi nimeng'oa jino.

Kompyuta ya marehemu baba imetuchosha. Ukiiwasha feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni giza totoro. Mama hajali. Kila alasiri anakaa sebuleni mbele ya giza hilo anachapa, eti vidole vyake havihitaji macho.

Jana nikamwita fundi. Akasugua memori kwa raba, akabadilisha waya, wapi! Mwishowe akachungulia nyuma ya mashine akacheka. "Dada, hii haiumwi. Picha inatokea tundu la pili, na waya wake umepenya ukutani."

Nyuma ya ukuta ule, unakumbuka, ni chumba cha baba. Mama alikifunga siku ya mazishi, siku tuliyokungoja hadi kaburi likafukiwa. Nikakifungua. Skrini yake kuukuu ilikuwa inawaka, imejaa maneno ya mama: mvua, kuku, jino langu. Chini ya kila aya palikuwa na jibu. Fundi akakusanya bisibisi zake, hata hakuaga.

Nilimuuliza mama anajibiwa na nani. "Na mwenye chumba chake," akasema, akaendelea kuchapa.

Kaka, jibu la mwisho lilikuhusu wewe. Kwa kuwa hukuja kumzika, atakuja mwenyewe kukusalimu.

Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Ukiwasha kompyuta yako ikakosa picha, tafadhali usichape neno.

Mimi, kitindamimba wenu