Kifuniko Ambacho Sikukifunua

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, na mimi mwenyewe sina nafuu.

Nina hasira, na sijui imwangukie nani. Nimerudi saa kumi, nimepika wali ukaungua, nimemjibu mume wangu vibaya. Basi naandika.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kazi yangu ni kukunja parachuti kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku kati ya Bagamoyo na Msata, ambako watu wenye akili timamu hupanda juu ili wajirushe chini. Kila mrukaji hubeba begi lenye parachuti mbili, ya kwanza na ya akiba. Ya kwanza ikigoma, anavuta ya akiba. Ya akiba ikigoma, hakuna ya tatu.

Kwetu kuna desturi. Kabla ya kupanda ndege, mrukaji huuliza kwa sauti nani kakunja. Aliyekunja hujibu, "Mimi." Mwenzake aliyekagua huongeza, "Nimekagua." Mtu anakwenda angani kwa maneno hayo mawili.

Akiba ya leo alikunja kaka Shabani. Ndiye aliyenifundisha kazi, tangu sijui hata kushika kamba. Miaka ya kuinama sakafuni ilimharibu mgongo, akaanza vidonge vya maumivu, vile vikali vinavyotaka cheti cha daktari. Cheti kilipokwisha akampata mtu Chalinze anayeviuza bila kuuliza. Siku hizi anasinzia kamba ikiwa mkononi, anajikuna, anasahau sentensi katikati. Nilimsema mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili kesho yake aliniletea mananasi ya Kiwangwa, nikayala.

Naam, nikayala.

Saa tatu asubuhi Mwalimu Zuhura, mrukaji wetu wa kila wikiendi, aliuliza. Shabani akasema, "Mimi." Nami nikasema, "Nimekagua," na sikuwa nimekagua. Kufunua kifuniko cha begi mbele ya mtu aliyekufundisha, naye anajua fika unachokitafuta, niliona ni kumvunjia heshima. Ni kazi ya sekunde kumi.

Kisha wingu likashuka, rubani akasema tusubiri. Katika kusubiri nikaanza kupanga vifaa. Huwa tunavilaza juu ya kitambaa kilichochorwa umbo la kila kifaa, ili kinachokosekana kionekane mara moja. Umbo moja lilikuwa tupu. Ni la pini ya muda, ile inayoshikilia begi wakati wa kufunga, ambayo lazima itolewe mwishoni. Pini hizo zina utepe mwekundu ili zisisahaulike. Ya Shabani utepe wake ulikatika zamani, na kila wiki tulisema tutashona mwingine.

Nikamwomba Zuhura avue begi. Nikafunua kifuniko. Pini ilikuwa humo, imebana pale pale ambapo akiba hufungukia. Angevuta mpini wa akiba mpaka mkono umchoke, isifunguke.

Nikaichomoa, nikakaa sakafuni.

Shabani nilimkuta stoo, kaegemea ukuta. Nikamwonyesha pini kiganjani. Nilitegemea atatetemeka. Alinitazama kwa yale macho mazito, akasema kwa upole, "Mwanahawa, mdogo wangu, si ulisema umekagua?"

Nilitamani kumzaba kofi. Kabla ya leo sikuwahi kutamani kumpiga mtu kwa kusema kweli.

Akaniomba tuyamalize sisi wawili, ana watoto, na Mungu kashatustiri kwa mawingu. Nikaenda kwa meneja. Shabani kasimamishwa kazi mpaka atibiwe, akapita mbele yangu bila kuaga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi tuliyaficha wawili, na kifo kilikuwa kinamwendea mwalimu wa watu.

Zuhura hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisema tu, "Mimi jibu la Shabani huwa silisikilizi. Nasubiri lako."

Nimechoka. Nimemchoka Shabani na vidonge vyake, nimeichoka adabu yangu hii ya kijinga.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye daftari la matukio nimeandika mistari sita juu ya Shabani: vidonge, usingizi, mtu wa Chalinze. Juu yangu nimeandika nusu mstari, kwamba mkaguzi hakuwa makini.

Si kweli. Nilikuwa makini kabisa. Niliyaona macho ya Shabani asubuhi, nikaliona begi, nikaamua kutofunua.

Kesho, kabla hata ya kuvua viatu mlangoni, nalifuata lile daftari. Nafuta "hakuwa makini" na kuandika "alijua". Halafu nampelekea Zuhura asome.