Neno Ambalo Lila Hakupewa

Mjukuu wangu Komora,

Salamu zikufikie huko India. Mamako hajambo. Mto umeingia tena mashambani, lakini tupo.

Umeuliza mantra, yale maneno matakatifu ya siri katika mafundisho ya Kihindu ya tantra, hurithishwaje. Nilipokuwa msichana nilimpikia Mzee Kanji, Mhindu mwenye duka hapa Garsen. Guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho, alimnong'oneza mantra sikioni, akamkataza kuiandika. Naye kwa miaka mingi alimwandaa mpwa wake Lila, aliyekaa Mombasa, aje aipokee. Kisha akaugua, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara.

Nikamwambia, "Niambie mimi, Mzee, nitamfikishia."

"Kwako yatakuwa maneno tu, binti," akajibu. "Yeye ndiye niliyemwandaa."

Lila alifika kwa mtumbwi siku ya tatu. Mjomba wake alikuwa hai, ila hawezi kusema. Lila alitega sikio mdomoni pake mpaka pumzi ikakoma.

Baadaye wafuasi wa mzee walimsihi akalie kiti chake, awe guru wao. Akasema, "Sikupewa," akalia sana.

Uzi wao wa kurithishana mantra ulikatikia hapa, Komora. Nadhani nyuzi nyingine zimefika mbali kwa sababu ya watu kama Lila, waliokataa kuunga kwa uongo.

Nyanya yako anayekuwaza.