Kata ya Kwanza ni ya Aliye Nyuma

Mama,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijawahi kuanza maneno na wewe bila shikamoo na sitaanza leo. Huku Miyuji tu wazima. Upepo wa kiangazi umeshaanza, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, na bomba linatoa maji siku likijisikia. Ofisini ni yale yale. Jumapili nimerithi kazi yako: nafundisha watoto kanisani, ishirini na wawili wakija wote, na hawaji wote ila siku ya soda.

Kuna jambo nilipaswa kukuambia nikiwa na miaka kumi na moja. Nitafika. Unanijua mwanao, siwezi kwenda moja kwa moja.

Nianzie korongoni. Kila kiangazi mto wetu ulibaki mchanga mtupu, tukawa tunachimba shimo na kusubiri maji yajitokeze. Ukichota kata mbili tatu, unangoja tena. Ndoo zilipangwa kwenye foleni tangu alfajiri, na jua likipanda shimo lilikuwa limeshachoka. Wa mwisho aliambulia tope.

Walimu wengine waliwapa watoto mistari ya kukariri. Wewe darasa lako la Jumapili ulilipeleka korongoni, na viatu vyao vya kanisani. "Zamu yako ikifika," ukawaambia, "kata ya kwanza mtilie aliye nyuma yako. Kata moja tu, msijifanye malaika. Halafu chota yako." Aliye nyuma naye akifika shimoni angemtilia wa nyuma yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukipiga hesabu, hakuna aliyepungukiwa. Kila mtu alipokea kata moja na kutoa kata moja. Wa mwisho alipokea bila kutoa, na wa mwisho kwa kawaida alikuwa Bibi Mbeleje, kwa sababu ya miguu yake. Hata shimo likikauka mbele ya macho yake, alirudi nyumbani na kata moja ndani ya ndoo.

Mimi niliona kasoro mara moja. "Mama, wa kwanza anapata hasara. Anatoa na hakuna aliyempa."

Ulikuwa unapepeta uwele na hukuinua macho. "Ndiyo maana sisi tunaamka mapema," ukasema. Ukapepeta tena kidogo, ukaongeza, "Na wa kwanza kabisa si sisi, mwanangu. Yupo aliyetutilia kabla hatujawa na ndoo."

Nilielewa ile ya kuamka mapema tu, na sikuipenda.

Lakini ilienea, mama, hilo lazima niseme. Walianza watoto wako tisa. Baada ya wiki chache mama zao wakawa wanafanya, kwa kuwa ni aibu mtoto akutilie maji na wewe umkaushie mwenzako. Kabla ya mvua hata wafugaji waliokuja na punda, watu wasiojua kanisa letu lina milango mingapi, walikuwa wanamtilia aliye nyuma na kuendelea na hadithi zao za ng'ombe. Hakuna aliyeita jambo hilo upendo. Waliliita utaratibu wa shimo.

Sasa ile siku. Ilikuwa siku ya mnada Kongwa, na mjomba alikuwa ameahidi kunipakia kwenye lori la mbuzi iwapo tu angenikuta barabarani. Wewe ulikuwa umeshinda kwa mgonjwa kijiji cha jirani. Nilifika korongoni wa kwanza. Nyuma yangu alikuwa Nyemo, binti wa darasa lako, yule mwembamba aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo. Nikachota harakaharaka, ndoo ikajaa, nikaona maji yaliyobaki shimoni ni machache na lori nimeanza kulisikia. Nyemo aliisogeza ndoo yake kidogo, kama tulivyozoea. Nikajifanya sikuona. Nikajitwika ndoo yangu nikaenda.

Kata moja, mama. Isingezidi muda wa kupiga chafya.

Jioni niliporudi, nimeshiba mishikaki ya mnadani, nilikukuta mlangoni. Bibi Mbeleje alikuwa amerudi na ndoo kavu kabisa, hata tope hakupata. Hakuna aliyemtilia mwenzake siku ile, foleni nzima. Ukauliza, "Nani alianza kukatisha?" Sikusubiri hata umalize. Nikasema, "Nyemo."

Jumapili iliyofuata ulimsimamisha. Ilikuwa desturi ya darasa lako: aliyekosa anasimama, anaomba radhi, anakaa, yamekwisha. Nyemo alisimama. Alinitazama kidogo, akainama, akasema, "Nisameheni." Na kweli siku ile hata yeye hakumtilia wa nyuma yake, kwa hiyo hakuwa na la kujitetea. Akakaa. Jumapili ya pili hakuja. Kabla ya mvua baba yake akahamishia familia upande wa Kibaigwa, nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kama mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Tangu hapo ukawa na swali lako. Kila nilipotoka shule, kila nilipokuja likizo, hata nilipokuja na mchumba: chai ikimiminwa ulikuwa unauliza, "Huna la kuniambia?" Nilidhani ndivyo unavyoulizia habari. Nikakupa habari. Nilikueleza mtihani, mshahara, mimba ya kwanza. Ulisikiliza, ukasema, "Haya, tumshukuru Mungu." Hata wodini, siku ile nilipokulisha uji, uliniuliza. Nikakujibu kuwa nyumba ya Miyuji imeshaezekwa.

Turudi kwa darasa langu, maana huko ndiko jambo lilikofufukia. Mwaka huu nilitaka kuwafundisha watoto kutenda mema madogo, nikatumia akili ya ofisini. Nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye majina yao. Kila mwenye tendo jema alieleze Jumapili, apate nyota. Mama, ungecheka. Jirani wa kanisa ni mama mzee anayeishi peke yake. Jumamosi moja uwanja wake ulifagiliwa mara nne, na mtoto wa tano alipofika akakuta ni msafi, akamwaga majani ili apate cha kufagia. Wawili walipigana wakigombea kumbebea mkoba wake. Yule mama mzee alinifuata mwenyewe. "Mwalimu," akasema, "nakuomba watoto wako wapunguze kunipenda."

Wiki hiyohiyo alikuja mtoto mpya, Eliza, wa miaka saba. Baada ya kipindi huwa tunawagawia uji kutoka kwenye ndoo, wanajipanga na vikombe, na aliye mbele anajichotea kwa upawa. Zamu ya Eliza ilipofika akachota kidogo, akageuka, akakitilia kikombe cha aliye nyuma yake. Halafu akachota chake.

Wenzake wakapiga kelele. "Mwalimu, anachelewesha foleni!"

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Mama."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Eliza."

"Jina lake lingine?"

Akafikiri. "Nyemo."

Nilikaa kwenye benchi. Nitakuambia ukweli kwa sababu barua hii ni ya ukweli: sikwenda kumtafuta. Jumapili mbili nilijifungia ofisi ya kanisa wakati wazazi wanachukua watoto, nikamwachia mwenzangu awaamkie. Mtu mzima mimi, mke wa mtu, najificha nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Ya tatu nikaona haya kwa yule mtoto, maana alikuwa ameshawaambukiza wenzake. Foleni ya uji ilikuwa inatiliana yenyewe, bila nyota, na mimi mwalimu wao ndiye niliyeikatisha ile ya kwanza.

Nyemo ana genge la mboga. Alihamia Miyuji kutoka Makole mwaka huu. Nilimkuta anafunga mafungu ya mchicha.

"Mbukwa," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, Yunisi," akaitika bila kushtuka. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini. Kaa hapo kwenye ndoo."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanipotea. "Nyemo, ile siku ya mnada ni mimi niliyeanza. Nilikusingizia kwa mama."

"Najua. Si nilikuwa nyuma yako?"

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, ila nilikuchukia kwanza. Miaka miwili hivi." Akakata kamba kwa meno. "Mama yako naye alijua."

Nikamwambia haiwezekani.

"Alikuja kwetu siku moja baada ya ile Jumapili. Akaniuliza swali moja tu: 'Ulipofika shimoni, ndoo yako ilikuwa na maji?' Nikasema ilikuwa kavu. Akajua kuwa aliye mbele yangu hakunitilia. Halafu akachuchumaa, mtu mzima yule, mbele ya mama yangu na wadogo zangu, akaniomba radhi. Mimi mtoto! Sikujua hata nishike wapi. Tangu siku ile sijawahi kuchota chochote bila kumtilia mtu."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza kama atakuchapa. Akasema, 'Hapana, nikimbana atakiri kwa kuniogopa mimi. Nataka aje mwenyewe. Nitamsubiri.'" Ndipo akaacha mchicha akanitazama. "Kwani hukwenda?"

Nililia pale gengeni mpaka mteja wa nyanya akaondoka bila nyanya.

Jumapili iliyofuata niliitoa ile karatasi ya nyota ukutani. Kisha nikafuata desturi yako. Nikasimama mbele ya watoto ishirini, siku hiyo walikuwa ishirini, Nyemo akiwa amekaa nyuma na kanga yake, nikawasimulia yote: shimo, kata, lori la mbuzi, na jina nililolitaja. Nikawaambia kwamba wema unatembea kwa kupokezana, na kwamba hata kuukatisha kunatembea vilevile. Nikasema, "Nisameheni." Halafu Eliza akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule bibi alikunywa nini?"

Mama, miaka yote nilijihurumia mimi, nikamhurumia na Nyemo, sikuwahi kujiuliza Bibi Mbeleje alikunywa nini. Nikasema sijui. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikumbuka. Jioni ile ya mnada hukusonga ugali. Tulikula karanga za kukaanga, nikadhani umechoka na safari ya kwa mgonjwa. Asubuhi ulinawa uso kwa kitambaa chenye unyevu, na ndoo yangu, ile niliyoijaza mpaka juu, ilikuwa imefunikwa mlangoni, tupu. Niliona. Sikuuliza, kwa sababu mwenye kosa haulizi maswali. Uliipeleka yote kwa Bibi. Kata niliyoinyima wewe uliilipia ndoo nzima, halafu ukaketi kunisubiri, tangu nina miaka kumi na moja mpaka wodini.

Naomba radhi kwa kukuchelewesha hivyo. Naona uchungu hasa nikikumbuka ile siku ya uji. Ulikuwa huwezi kuinua kijiko, na bado ulinipa nafasi nyingine, nami nikakueleza mabati.

Watoto hawajambo. Foleni ya uji inaendelea, na juzi nimeambiwa wamehamia nayo kwenye bomba la mtaa, ambako watu wazima walianza kulalamika, kisha wakaanza kuzoea. Wa kwanza kwenye foleni sasa nasimama mimi. Naamka mapema.

Nitakuja Kongwa kabla ya mvua, nisafishe kaburi. Nyemo kasema tutakwenda wote. Pumzika, mama, umesubiri sana. Uliniuliza kama sina la kukuambia.

Ninalo. Siku ile wa kwanza nilikuwa mimi, na sikumtilia Nyemo.

Mwanao wa mwisho