Siku Ndume Yetu Ilikojoa

Aline mujukuu wangu,

Hapa Katoyi tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume. Wewe mwenye kusomea udaktari wa ng'ombe unauliza: jiwe lenye kuziba njia ya mukojo likiisha kutoka, juu ya nini mukojo unadondoka tu?

Miaka ya hamsini, kule Masisi, ndume yetu ilikuwa vile. Majirani wakasema ichinjwe. Papa akakataa: "Kibofu kimesukuma mulango wenye kufungwa mupaka kikachoka. Tukiache kipumuzike."

Siku ya ine ikakojoa kama mvua ya masika! Mama akapiga vigelegele. Wakwe, wenye walikuwa wanapanda kilima pamoja na babu yako kuja kuniposa, wakasikia, wakaambiana:

"Ona vile wanatupokea!"

Babu yako alijisifia mapokezi yale mupaka kufa, na mimi sikumusahihisha hata siku moja.

Nyanya yako mwenye kukupenda