Karakana ya Mama Niliyoisifu Kabla ya Kuuliza

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, siku ya kuwasilisha utafiti wetu chuoni, maana nimejiingiza mwenyewe na sioni pa kutokea. Niko mwaka wa mwisho chuoni, na kundi letu linachunguza kwa nini wanawake hulipwa pungufu ya wanaume kwa kazi ileile, na mimi ndiye niliyesema mfano mzuri upo, twende karakana ya ushonaji ya mama yangu, kwa kuwa mwenye mali ni mwanamke, na nilikuwa na haraka hata nikaandika hitimisho kabla ya mahojiano: wanawake wakishika uongozi, pengo litazibika. Basi wenzangu wakawauliza mafundi wanapata nini kwa suti moja, fundi wa kiume akataja chake, halafu fundi wa kike wa meza ya pili, anayeshona suti zilezile, akataja nusu ya hicho.

Nilimfuata mama nyuma ya pazia la kupimia nguo.

“Mama, kwa nini?”

“Yule ana familia, mwanangu.”

“Na huyu?”

“Huyu ana mume.”

“Mumewe si alishaondoka?”

“Basi atarudi.”

Kisha akaniuliza gauni lake la kuja kunisikiliza Ijumaa liwe na mikono mirefu au mifupi. Anayelishona ni fundi wa meza ya pili. Wenzangu wanasema tuandike “karakana fulani” yaishe, lakini mama atakaa mstari wa mbele na atajijua, na nikificha nitamtazamaje yule fundi? Nayawaza haya katika chumba cha peke yangu alichonipangia mama, na siku hizi hata hicho kinanisuta.

Binti wa Mwenye Karakana

Binti, pole. Nimecheka kidogo, unisamehe. Si kila siku naandikiwa na mtafiti aliyeumizwa na majibu kwa kuwa yamekataa kufuata hitimisho.

Chumba umekitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja ugonjwa wake akiwa ameshika mlango wa daktari. Tuanzie hapo. Nusu anayopunjwa yule fundi ndiyo kodi ya chumba hicho; umeilalia wewe.

Mama asiyasikie haya kwa mara ya kwanza mbele ya walimu wako. Leo karakana ikifungwa, kaa naye umsomee utakachosoma Ijumaa, pamoja na lile la mume atakayerudi. Atakasirika, mwache akasirike. Halafu mwombe jambo moja tu: ushonaji wa suti uwe na bei moja, ashone yeyote. Akisema hela haipo, usimhubirie. Mwambie unahamia hosteli, ukalale chumba kimoja na wenzako, na kodi yako iende meza ya pili. Ukisita hapo, utajua ulikuwa unatafuta haki au alama.

Ijumaa soma matokeo yote. Lisome na hitimisho lako la kwanza, uwaeleze lilivyokufa.

Na lile gauni, mama alilipie kwa bei ya fundi wa kiume, kabla hajalivaa.