Mkoba wa Mama Mkwe

Shoga, tunatoka hifadhi ya pwani, niko kiti cha nyuma, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua leo mama wa mchumba wangu alikuwa ananipima kabla ya kukubali harusi? Nimembebea mkoba tangu asubuhi. Mandhari wanasema ni nzuri. Mimi nilikuwa nauangalia mkoba usiguse mchanga.

Getini askari wa hifadhi akauliza, "Kuna aliyeokota kombe la konokono ufukweni?"

Mama mkwe akajibu, "Baba, familia yetu haigusi kisicho chake."

Mkoba ukatikisika.

Shoga, UKATIKISIKA. Mkononi mwangu! Kombe likapanda mpaka juu, likachungulia. Lina miguu. Kumbe ndani anaishi kaa, mzima wa afya.

Mkoba wake, kombe kaokota yeye. Akanitazama mimi.

Nikasema, "Nisamehe afande, ni mimi."

Naye bila haya, "Vijana wa siku hizi! Hata aibu hamna?" Nimesemwa dakika kumi. Kaa karudishwa baharini kwa heshima kuliko niliyopewa mimi.

Tulipoingia garini akaninong'oneza, "Mwanangu, harusi mnaitaka mwezi gani?"

Mkoba sasa kaupakata mwenyewe.